Kunyoosha Gari Mshenga Akiwa Ndani

Sogea hapa karibu unisikilize, wewe mwenye gari dogo linalovuta upande. Usiogope. Kazi hii inaonekana ngumu kwa sababu wanaoijua huieleza haraka. Mimi nitakueleza polepole, na tutaanzia chini, kwenye vumbi, kwa sababu mtu wa kwanza niliyesikia kuwa amelipima gari vizuri alilipimia vumbini. Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa Mugeta mwenye ng'ombe wa kulima, na alilipima ili aamue kama atamwoza binti yake au la.

Ilikuwa miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinaanza kupangwa. Mimi ni mtu wa Bukima, kwetu ni ziwani, lakini kazi nilikuwa nimeipata mjini Musoma, kwenye gereji moja ya Kitaji. Tulikuwa mafundi wachache chini ya fundi mkuu aliyetoka upande wa Bunda. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe, na sisi wa ziwani alituita wala furu, vile visamaki vidogo vya kwetu, hata tukiwa tunakula nyama yake.

Kazi yetu kubwa ilikuwa malori ya pamba. Lori la pamba ni mnyama mvumilivu. Ukikosea kidogo kuyanyoosha magurudumu yake, halisemi kitu. Linakula tairi taratibu, na dereva anailaumu barabara. Mtu mmoja akipanda au akishuka, lori halina habari naye. Kwa hiyo sisi tulinyoosha malori yakiwa matupu, uwanjani, asubuhi, na yalikwenda Bunda na kurudi bila malalamiko. Tulijihesabu kuwa wataalamu.

Siku moja akaja mwalimu wa sekondari na gari ambalo tulilizunguka kwanza ndipo tukaitikia salamu yake. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, paa la turubai, na wekundu wake ulikuwa umepauka ukawa kama nyanya ya juzi. Ukisimama kando yake lilikufika kiunoni. Mwalimu mgeni aliyemaliza mkataba wake ndiye aliyemwachia, kwa kuwa halikuingia kwenye sanduku.

Kiongozi wa tawi la chama mtaani kwetu naye alikuja kuliangalia. Akasema gari la watu wawili haliendi na siasa ya wakati.

"Mzee, likiwa na watu wawili limejaa," mwalimu akamjibu. "Landrova yenu huwa inajaa lini?"

Kiongozi akafikiri. Kisha akaomba apelekwe sokoni.

Waliporudi, mwalimu alikaa kwenye benchi letu akatueleza kilichomleta. Alikuwa amempenda mwalimu mwenzake, binti anayefundisha shule ya msingi kule Bunda, mzaliwa wa Mugeta. Jumapili iliyopita alikwenda kwao na gari lake kujitambulisha. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na uji, wakazungumza mvua na pamba. Wakati wa kuaga, baba wa binti alimsindikiza hadi kwenye gari. Hakuliangalia gari. Aliangalia chini.

"Kijana, gari lako lina magurudumu mangapi?"

"Manne, baba."

"Yanaacha njia ngapi?"

"Mbili, baba."

"Njoo uhesabu."

Mwalimu alihesabu. Zilikuwa nne. Njia za magurudumu ya nyuma zilikuwa zimepita pembeni ya zile za mbele, toka getini mpaka pale gari lilipokuwa limesimama.

"Mimi ng'ombe wangu wakilima hivi, najua kuna fahali mmoja wa kulaumiwa," mzee akasema. "Hapa nimlaumu nani?"

"Barabara ni mbaya, baba."

"Bwana mifugo anakujaga na Landrova kwa barabara hiyo hiyo. Njia zake mbili."

Kisha akatoa neno lake. Mwalimu alete mshenga pamba ikishavunwa, wazungumze. Na gari lije na njia mbili. Likija na nne, watakunywa togwa na kurudi walikotoka, kwa sababu hawezi kumtoa binti yake kwa mtu anayeendea upande na hajijui.

"Alikuwa anatania," fundi mkuu akasema.

"Nilimtazama usoni muda mrefu, fundi. Sikuona utani."

"Si uende na basi tu?"

"Nilimuuliza hilo. Akasema mtu anayeficha ng'ombe mwenye kasoro, nyumbani anaye mwingine mwenye kasoro zaidi."

Fundi mkuu hakubisha tena. Alikuwa wa upande ule, aliwafahamu. Basi hivyo ndivyo kazi ilivyoingia gerejini kwetu: tulinyooshe gari, mwalimu apate mke.

Sasa nenda kafanye kama yule mzee. Tafuta mahali penye vumbi laini, lisilo na mteremko. Endesha taratibu ukiwa umenyooka, simama, shuka, rudi nyuma uangalie. Magurudumu ya nyuma yakikanyaga pale pale yalipokanyaga ya mbele, gari lako halina ugomvi na nafsi yake. Kuna magari ambayo nyuma ni membamba kidogo kuliko mbele, kwa hiyo usishtuke ukiona kingo mbili. Angalia tu kama kingo hizo zimelingana kushoto na kulia. Zikilingana, uko salama. Zikihamia upande mmoja, gari linatembea kama mbwa anayekimbia, miguu ya nyuma pembeni ya ile ya mbele.

Ukiona hivyo, watu wengi watakwambia ukaguse usukani. Usiuguse. Kosa liko nyuma. Tulipolala chini ya gari la mwalimu tulikuta senta bolti imekatika. Hiyo ni bolti ndogo inayopita katikati ya majani ya springi, zile bamba za chuma zilizolaliana, na kuishika ekseli isihame. Ikikatika, ekseli inabaki imebanwa na kucha za pembeni tu, na ukiingia shimo moja la nguvu upande ule unarudi nyuma. Shimo lenyewe mwalimu alilikumbuka. Alitutajia mpaka mti ulioko karibu nalo.

Tuliweka bolti mpya, ekseli ikarudi mahali pake. Ndipo tukaja mbele.

Kwa magurudumu ya mbele fundi mkuu alituma watu wachukue kamba ya kupandia pamba. Wakulima wa Bunda walikuwa wamefundishwa kupanda pamba kwa mistari, kwa kamba na vigingi, na bwana shamba alikuwa akipita kukagua. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kamba ngumu isiyonyumbuka na watu waliozoea kuivuta ikanyooka. Sijawahi kuona kifaa bora zaidi cha kulinganishia magurudumu, na nimeviona vingi baadaye, vingine vina taa.

Unafanya hivi. Gari liwe mahali pa usawa. Ukimwaga maji sakafuni na yakakaa bila kukimbilia upande, panatosha. Unachomeka vigingi viwili mbele na viwili nyuma, unavuta kamba kila upande wa gari, juu kiasi cha katikati ya gurudumu. Unazisogeza mpaka kila kamba iwe umbali sawa kutoka katikati ya gurudumu, kushoto na kulia, na kamba zenyewe ziwe sambamba. Usukani unaufunga katikati usicheze. Halafu unapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma wa rimu ile ile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakwambia gurudumu linatazama wapi.

Hapo mwalimu aliuliza swali zuri. Alikuwa na jarida lililoeleza magari ya mashindano, ambayo magurudumu ya mbele hufunguliwa kidogo, yatazame nje, ili gari liingie kona kwa wepesi.

"Wewe unashindana na nani?" fundi mkuu akamuuliza.

"Hakuna."

"Basi tuyafunge. Barabara yako ina mbuzi."

Na hivyo ndivyo inavyofaa kwa gari la barabarani. Magurudumu ya mbele yatazamane kidogo sana, kingo za mbele zikaribiane kuliko za nyuma kwa unene wa punje ya mtama. Ukizidisha, tairi litasuguka ukingo wa nje kama kisigino cha mtu anayeburuza viatu. Ukiyafungua, gari litakuwa halitulii, linanusanusa kila ufa wa lami. Punje ya mtama inatosha. Unalegeza nati za tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele, unazungusha kidogo kushoto na kidogo kulia, pande zote kwa kiasi kimoja, ili usukani ubaki umenyooka. Kisha unalisukuma gari mbele na nyuma ili magurudumu yatulie, ndipo unapima tena. Usiruke hatua hiyo ya kusukuma. Gari lililotoka kwenye jeki ni kama mtu aliyeamshwa ghafla, majibu yake ya kwanza hayaaminiki.

Tulipomaliza tulilijaribu kwenye barabara ya Butiama, ambayo wakati ule ilikuwa inasawazishwa mara kwa mara, na kila mtu alijua sababu na hakuna aliyeuliza. Mwalimu aliachia usukani. Gari likaenda moja kwa moja, kama limetumwa. Tulipolirudisha uwanjani tukatazama vumbi: njia mbili safi. Fundi mkuu akapiga makofi mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tukamwambia mwalimu sasa aende akamlete mshenga alione.

Mshenga alikuwa mjomba wake wa Butiama. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye baraza la kusuluhisha wagomvi, na alisifika kwamba akisimama kuzungumza, hata aliyeshindwa anaondoka akidhani ameshinda. Kwa posa ngumu kama ile ya Mugeta hapakuwa na mwingine. Na alikuwa mtu mkubwa. Sisemi mnene, kwa kuwa bado nina heshima. Nasema mkubwa.

Tulilisikia gari kabla ya kuliona, kwa sababu lilikuwa linagusa chini. Likaingia getini limelalia kushoto, mwalimu ameushikilia usukani kwa mikono miwili na shingo imemtoka mishipa. Likasimama. Mjomba akafungua mlango, akajitoa kwa awamu, na gari likainuka, likapumua.

"Shikamoo mjomba," tukasema wote.

"Marahaba, marahaba. Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo," tukasema, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Tulikuwa tunatazama vumbi. Njia zilikuwa nne.

"Mbona mnaangalia chini kama mmeangusha sindano?" mjomba akauliza.

Wote tulielewa kwa pamoja, na nitakueleza nawe uelewe. Lori halijui kama umepanda, lakini gari la mbio limetengenezwa jepesi makusudi, na springi zake ni laini. Mtu mkubwa akikaa kushoto, springi ya kushoto inalala. Springi ya majani ikilala inanyooka, ikinyooka inarefuka, ikirefuka inaisukuma ekseli nyuma upande ule. Ekseli ikawa imehama tena, safari hii bila bolti yoyote kukatika. Na mbele, gurudumu la kushoto nalo lilikuwa limebanwa likafunguka kutazama nje, ndiyo maana mwalimu alikuwa anapigana na usukani. Sisi tulikuwa tumenyoosha gari tupu. Lakini Mugeta halikuwa linakwenda tupu. Lilikuwa linakwenda na mshenga, na bila mshenga hakuna posa.

Sasa, nani amwambie?

Hili lilikuwa gumu kuliko springi. Kwetu mshenga havunjiwi heshima kabla ya siku. Akiudhika anaweza kuirudisha kazi, na ukienda na mwingine wenyeji watauliza yule wa kwanza aliona nini. Mwalimu alianza kujifuta jasho. Fundi mkuu akajitosa.

"Mzee mwenzangu, tunaomba ukae tena ndani ya gari."

"Nimeshafika. Nikae ndani nifanye nini?"

"Gari bado halijakuzoea."

"Mimi nizoewe? Mimi ni fahali, na hiyo ni plau?"

Fundi mkuu akarudi nyuma kidogo. Mwalimu alikuwa ameanza kuzungumza na turubai. Nikaona nijaribu mimi, maana mla furu hana cheo cha kupoteza.

"Mjomba," nikasema, "kwetu Bukima mtumbwi haupangwi mizigo mpaka mtu mkubwa aketi kwanza. Akishaketi yeye ndipo sisi wengine tunajua tukae wapi. Yeye ndiye anaupa usawa."

Mjomba akanitazama. "Mkubwa kwa umri," akauliza, "au mkubwa kwa hapa?" Akapiga tumbo lake kiganja.

"Kwa vyote, mjomba."

Mwalimu alifumba macho.

"Huyu mla furu ana adabu," mjomba akasema. "Nyie wengine mmezunguka sana. Semeni tu kwamba mimi ndiye ninayelipindisha." Akarudi kwenye gari, akaingia kwa awamu zile zile. "Haya, nipimeni. Lakini mimi sipimwi na njaa."

Tukaagiza ugali na sato. Alikula akiwa ndani ya gari, sahani magotini, nasi tumelala chini na kamba zetu.

"Mnanilisha samaki ili nisiongezeke?" akauliza.

"Samaki ni mwepesi, mjomba."

"Ndiyo maana nyie watu wa ziwani upepo unawachukua."

Kazi ilichukua mchana wote. Tulipima naye akiwa ndani, kisha tukamwomba ashuke ili tupige jeki, kisha apande tena tupime. Alishuka na kupanda zaidi ya alivyopenda, na kila alipopanda alitukumbusha. Kwenye springi ya kushoto tuliongeza jani moja fupi tulilolikata kutoka kwenye pikapu iliyokufa. Jani la lori lisingefaa, lingemrusha mjomba nje. Tulipolifunga, gari likakaa sawa naye akiwa ndani, na ekseli ikarudi kwenye mstari wa kamba. Ndipo tukaja mbele, tukazungusha tairodi mpaka ile punje ya mtama ikaonekana tena.

Katikati ya kazi wakaja majirani wawili wa Kitaji waliosikia kwamba mjomba yuko mjini. Mbuzi wa mmoja alikuwa amekula sukuma wiki ya mwingine. Mjomba akakubali kuwasikiliza pale pale kitini. Kila mmoja alisimama upande wake wa gari.

"Mjomba, tafadhali usiegemee dirishani," nikasema kutoka chini.

"Nasikiliza shauri."

"Sikiliza ukiwa umenyooka, mjomba. Nikikosea hapa, kuna mtu anakosa mke."

Akanyooka. Aliwasikiliza wote wawili akitazama mbele, kama dereva aliye safarini, akaamua kwamba mwenye mbuzi asaidie kujenga ua wa bustani. Wote wakaondoka wameridhika. Fundi mkuu alisema baadaye hajawahi kuona shauri lililosikilizwa bila upendeleo kiasi kile.

Jioni tulilitoa uwanjani na kulirudisha, mjomba akiwa ndani. Njia mbili. Akashuka, na gari likainamia upande wa dereva, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Na nikiwa peke yangu?" mwalimu akauliza.

"Peke yako," fundi mkuu akasema, "unakwenda Mugeta kumwona nani?"

Pamba ilipovunwa siku ikafika. Mashangazi wa mwalimu walipanda lori moja la pamba, na mimi nikapanda nao na spana zangu ndani ya kikapu cha ndizi, kwa kuwa haikufaa waonekane wanakwenda kuposa na fundi. Tuliliacha lori barabarani, mbali, lisichafue uwanja, tukaenda kwa miguu. Uwanja wa boma ulikuwa umefagiliwa. Nasema umefagiliwa: palikuwa na mistari ya ufagio toka getini hadi mlangoni, na hapakuwa hata na unyayo wa kuku. Mzee mwenye boma alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Tulipoamkia aliitikia vizuri, akatuonyesha tupite ukingoni, tusikanyage katikati.

Mwalimu alikuja nyuma yetu. Alikuwa amempakia mjomba Butiama, na alisema baadaye kwamba tangu pale hadi Mugeta hakukanyaga shimo hata moja, kwa sababu mjomba alimkataza kwa sauti ya baraza. Gari likaingia getini polepole. Nilimwona mjomba kwa mbali. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatazama mbele.

Likasimama. Hakuna aliyeshuka. Mzee akaanza kutembea kutoka kwenye gari kurudi getini, ameinama, fimbo nyuma. Alikwenda upande wa kushoto. Alirudi upande wa kulia. Mahali pamoja alichuchumaa akaweka kiganja ndani ya njia, kama anavyopima mfereji wa jembe. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, ameshika kitambaa, hakikuwa kinafuta kitu chochote. Mwalimu alikuwa ameshika usukani wa gari lililokwisha kuzimwa.

"Mbili," mzee akasema.

Shangazi mmoja akaanza kigelegele, mwenzake akamziba mdomo, kwa kuwa haukuwa wakati wake.

"Karibuni," mzee akasema tena. Kisha akasogea dirishani kwa mjomba. "Mlifanyaje? Lilikuwa bovu kabisa."

"Mimi ndiye nimelinyoosha," mjomba akamjibu.

Ulikuwa ukweli mtupu.

Waliingia ndani, na mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye gari. Sauti ya mjomba tuliisikia huko nje. Mzee alijaribu kusema kwamba mtu anayeweza kulinyoosha gari kiasi hiki hawezi kulalamikia ng'ombe wachache zaidi, na mjomba akamjibu kwamba gari limenyooka kwa sababu kila mtu alikubali kukaa mahali pake. Walipotoka walikuwa wanacheka wote wawili, na sijui hadi leo nani alimshinda mwenzake. Safari hiyo kigelegele hakikuzibwa.

Walioana mwaka ule ule. Baada ya harusi, mwalimu akaja gerejini, na ubavuni mwake ameketi mwalimu mwenzake wa Bunda. Gari lilikuwa linavuta kulia na limeinamia upande wa mumewe.

"Shemeji," bibi harusi akaniambia, "naambiwa gari limeharibika tangu niolewe. Mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro, shemeji. Mjomba ndiye alikuwa na uzito wake."

"Sasa mimi mtanipima kwa samaki au kwa nyama?"

"Kwa madaftari yako tu," fundi mkuu akasema, kwa sababu shemeji alikuwa na kikapu kizima cha madaftari ya watoto miguuni, ya kusahihisha. Tukalitoa lile jani tuliloongeza. Yeye akabaki kitini, akasahihisha hesabu huku tukimpima, na kila tulipolisukuma gari aliinua kalamu akangoja. Ilikuwa kazi fupi. Njia mbili zikarudi, na gari lile lilikwenda Bunda na kurudi kwa miaka mingi likiwa na watu wale wale wawili.

Basi na wewe fanya hivi. Jaza upepo sawa magurudumu yote. Keti mahali pako pa dereva, au mweke mtu mwenye mwili kama wako. Mwite yule anayekaaga kiti cha pili, apande, aweke na kikapu chake miguuni. Lisukumeni gari mbele na nyuma mpaka litulie. Vuta kamba. Ndipo upime.